Mume Aliyehitimu Upole

Tulimwacha Abu Ghalib kinywa wazi, na kwa kuwa wiki nzima imepita, bila shaka ulimi umemkauka. Turudi tumwokoe, ingawa binafsi sioni kama anastahili.

Ukumbi wake ulikuwa umefurika wanaume. Makochi yote yamekaliwa, waliokosa nafasi wameegemea ukuta. Jaha ilikuwa imefika. Hapa kwetu Irbid, mke akikimbilia kwa wazazi wake, mume hajipeleki mwenyewe kuomba radhi. Anapeleka jaha, msafara wa wazee wenye majina, na mkuu wao akipewa kahawa anaiweka mezani bila kuionja. Anasema, hatunywi mpaka mtupe tulichokijia. Mwenye nyumba akitamka "kunyweni," shauri limekwisha. Yule anayegombewa haulizwi kitu.

Mkuu wa jaha hii alikuwa Basha Fawwaz, jenerali mstaafu, mjomba wa mume; Basha ni cheo cha heshima tunachowapa wakubwa wa jeshi. Masharubu kayatia rangi nyeusi tii, nyusi kazisahau nyeupe vilevile. Alikiweka kikombe mezani, akakohoa, akasema wana ombi dogo. Na Abu Ghalib, kabla hajaambiwa ombi lenyewe ni lipi, akaruka na ukarimu wake: "Mmeshapata, Basha! Mmepata kabla hamjasema!"

Mjinga. Mnisamehe wasomaji, lakini mlitaka nimwiteje? Neno hilo la "mmeshapata" tunamwambia mgeni anayeomba maji ya kunywa. Tumezaliwa nalo, linatutoka kama chafya. Lakini likishatamkwa mbele ya wazee halirudi kinywani, na ombi lilipotajwa, kwamba binti yake Rudayna arudi kwa mumewe Mutasim leo hii kabla ya magharibi, mzee wa watu akabaki anatafuta hewa. Palibaki neno moja tu la kusema. Ndipo mlango wa jikoni ukafunguka na Rudayna mwenyewe akaingia katikati ya wanaume, mkono wa kushoto kwenye plasta ya kuungia mfupa.

Hapo ndipo nilipowaacha.

"Rudi ndani, mama," baba yake alimwambia kwa sauti ya chini.

"Sirudi, baba. Wamekuja kunichukua mimi. Basi na wanione wanachokichukua."

Wazee waliguna. Mmoja aliinama akajifanya anatafuta tasbihi, na tasbihi iko mkononi.

Mutasim alisimama. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa, marashi yameshatangulia mpaka jikoni. Alikunja mikono kifuani, akainamisha kichwa upande mmoja.

"Rudayna," alisema polepole, "mimi nahisi huzuni ninapokuona umekasirika."

Loo! Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Maneno gani hayo! Mume gani huyo! Wao wenyewe hawajapata kuwaambia wake zao wanahisi nini, zaidi ya kwamba wanahisi njaa.

Lakini mimi najua maneno yale yametoka wapi. Hayakutoka moyoni. Yalitoka Nyumba Tulivu, semina ya wanandoa iliyofanyika katika ukumbi wa hoteli, wafadhili wakatoa biskuti, kalamu za rangi na karatasi kubwa za kubandika ukutani. Lengo lilikuwa jema, sikatai. Watu wafundishwe kuzungumza ili wasifikie kupigana. Yupo fundi bomba mmoja aliyekwenda na mkewe, na sasa wanasalimiana. Ila kisu unachompa mpishi ndicho hichohicho utakachompa mwizi, na Mutasim alikwenda pale akiwa mwizi, akatoka na kisu kilichonolewa.

Mwalimu wa semina, Bibi Hanadi, alikuwa palepale ukumbini, amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mwanamke pekee aliyealikwa. Basha ndiye aliyemleta. Hajapata kuonekana mwanamke kwenye jaha, lakini Basha alitaka shahidi mtaalamu, na Bibi Hanadi alifurahi mno kuitwa mtaalamu hata hakuuliza ni wa kazi gani.

"Mwalimu," Basha alinguruma, "waambie wazee mwanafunzi wako yukoje."

Bibi Hanadi alijiweka sawa mtandio. "Kwa kweli ndugu Mutasim ni mfano. Hakukosa kipindi hata kimoja. Anajua kusema anachohisi bila kulaumu. Anajua kusikiliza. Anajua, hasira ikipanda, kujitenga kidogo mpaka ipoe. Wenzake nilikuwa nawaambia, mtazameni Mutasim."

"Mmesikia!" Basha aligeuka kushoto na kulia. "Mtazameni Mutasim! Sasa nyumba ya mtu kama huyu ndiyo ya kubomolewa?"

"Haifai, haifai," wazee waliitikia.

"Ni kweli anayosema mwalimu," Rudayna alisema.

Wazee walimgeukia. Hawakutegemea.

"Anazijua zote," aliendelea. "Na mimi, Basha, sina ubishi na wazee. Baba yangu ametoa neno, sitaki neno la baba lianguke mbele za watu. Nina sharti moja dogo. Tufanye hapahapa lile zoezi la kioo alilotufundisha mwalimu. Mimi niseme, Mutasim arudie. Akifaulu, nitawaambia mimi mwenyewe mnywe kahawa, kisha nitavaa viatu vyangu niondoke naye."

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka kikazunguka sakafuni. Alikuwa mama yake, Umm Ghalib, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akisikiliza.

"Zoezi?" Basha alicheka. "Tumerudi kambini? Zoezi gani hilo, mwalimu?"

Bibi Hanadi aling'aa uso. Hatimaye anaulizwa somo! "Ni rahisi, Basha. Wawili wanakaa wakitazamana. Mmoja anasema. Mwenzake anarudia maneno yaleyale, haongezi, hapunguzi, kwa sauti ya upole. Kila mmoja ajue amesikiwa. Magomvi mengi huanza kwa sababu mtu hakusikiwa."

"Mutasim, unaliweza?"

"Mjomba," Mutasim alitabasamu, "mimi ndiye niliyekuwa nawaonyesha wengine."

Viti viwili vililetwa vikawekwa katikati ya zulia. Wakaketi, magoti karibu yagusane. Abu Ghalib alikuwa anaangalia kile kikombe cha Basha.

"Anza, binti," Basha alisema. "Jua halitungoji."

Rudayna alivuta pumzi. "Nilipoolewa nawe, nilikupenda."

"Nimekusikia ukisema kwamba ulipoolewa nami, ulinipenda," Mutasim alijibu, laini kama samli.

"Mashallah!" mzee mmoja aliropoka. Mwingine alifuta jicho kwa ncha ya kilemba. Nilishawahi kuona majogoo wenye akili kuliko wale.

Rudayna hakumtazama mtu mwingine. "Siku ya mvua ya mawe uliniambia, hasira zimepanda, lazima mmoja wetu akapoe. Ukanipandisha juu ya paa, kwenye matangi ya maji, sina hata soksi. Ukafunga mlango kwa ufunguo. Ukaniambia utarudi baada ya saa moja, kwa sababu mwalimu alisema mtu aseme atarudi lini. Na kweli, ukarudi baada ya saa moja."

Kiti cha plastiki kililia. Bibi Hanadi alikuwa amejiegemeza mbele.

Mutasim hakutikisika. "Nimekusikia ukisema kwamba siku ile ya baridi ulijihisi mpweke."

"Hapana," sauti ilisema.

Watu waligeuka. Ilikuwa ya Haji Mifleh, muuza mbegu, mzee mfupi aliyekaa pembeni kabisa, ambaye Basha alimwalika ili kujaza kochi tu.

"Hapana nini, Haji?" Basha aliuliza kwa ukali.

"Hakusema hivyo. Upweke hakuutaja. Ametaja paa. Ametaja ufunguo. Mimi masikio yangu mazima, bwana."

"Haji, hebu..."

"Amesema maneno yaleyale. Mwalimu si ndivyo alivyosema? Asiongeze, asipunguze?"

Macho yote yalimwendea Bibi Hanadi. Rangi ilikuwa imemtoka. "Ndivyo," alisema. "Maneno yaleyale, Mutasim. Rudia kama alivyosema."

Sasa hapa ndipo nilipomwelewa Rudayna, na nadhani nanyi mmemwelewa. Akirudia, amekiri mbele ya wazee wa mji. Asiporudia, ameshindwa, na jaha inarudi kahawa haijanywewa. Kwa njia yoyote, huyo bwana mwenye marashi amekwisha. Nilitaka kupiga makofi.

Mutasim akatabasamu tena.

"Nimekusikia ukisema," alianza, sauti ileile ya samli, "kwamba siku ya mvua ya mawe nilikwambia hasira zimepanda, nikakupandisha juu ya paa kwenye matangi ya maji, huna soksi, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikakwambia nitarudi baada ya saa moja. Na nikarudi."

Ukumbi ulinung'unika. Basha alipangusa jasho la shingo.

"Endelea," Mutasim alimwambia mkewe. "Nakusikiliza."

Rudayna aliinua mkono wa plasta kidogo, akaushusha. "Jumanne ile tulikuwa jikoni. Nilikujibu huku naosha vyombo. Ukasema sikusikilizi. Ukaukunja mkono wangu mgongoni, ukaniambia nirudie ulichosema. Nikarudia. Ukasema nimerudia kwa kulia, haihesabiki, nirudie kwa sauti ya utulivu. Nikaanza upya. Ukaukunja zaidi. Mfupa ukalia kabla sijafika mwisho wa sentensi."

"Sisi tuliambiwa ameanguka ngazini," alisema Haji Mifleh.

Basha alimkata jicho.

"Rudia," Rudayna alisema.

Na Mutasim, wasomaji wangu, alirudia. Yote. Jiko, vyombo, mkono mgongoni, kilio, utulivu, mfupa. Alirudia kama mtu anayesoma maelezo kwenye pakiti ya dawa, bila kukwama popote, na alipofika mwisho aliegemea kiti akakunja nne.

"Amekiri!" Haji Mifleh alisimama. "Wazee, si mmesikia? Amekiri kwa kinywa chake!"

"Nani amekiri?" Mutasim aligeuka, mpole kabisa. "Haji wangu, mimi nimerudia maneno ya mke wangu kwa heshima, kama nilivyoombwa. Hayo ndiyo anayohisi. Nimempa nafasi ya kuyasema. Mwalimu, ulitufundisha nini kuhusu kurudia? Uliandika ukutani, kalamu nyekundu. Wasomee wazee."

Bibi Hanadi alifumba macho.

"Mwalimu?" Basha alisema.

"Kurudia si kukubali," alisema Bibi Hanadi, na alionekana kama anayetapika.

"Hewaa!" Basha alipiga goti lake. "Kurudia si kukubali! Mtoto amefaulu! Mwenye macho haambiwi tazama!"

Mnaona? Msichana alitega mtego mbele ya mji mzima, na yule nyoka akapita katikati yake bila kuangusha gamba. Tena kwa msaada wa karatasi ya ukutani. Huyo ndiye mwalimu wenu. Alimfundisha chui kutembea kwa kunyata, halafu akashangaa mbuzi wamepungua.

Rudayna alibaki pale kitini. Midomo ilikuwa imekuwa myeupe. Alikuwa ameahidi kwa kinywa chake, sauti kubwa, kila mtu kasikia. Vidole vya Basha vilikuwa vimeshakishika kikombe.

"Bado!"

Ilikuwa sauti ya Bibi Hanadi. Alikuwa amesimama, mkoba umeanguka miguuni, kalamu za rangi zimetawanyika zuliani.

"Bado nini tena, mama?" Basha alifoka. "Wewe si ndiye uliyempa alama?"

"Zoezi halijaisha. Kuna swali la mwisho. Msikilizaji lazima amuulize mwenzake, je, kuna lingine? Na asikilize mpaka aambiwe hakuna. Mutasim hajauliza. Nyumbani kwao hajawahi kuuliza, nadhani. Darasani alikuwa analiruka nami nikawa namwachia, kwa sababu mengine aliyafanya vizuri." Sauti ilimkatika. "Asipouliza, hajafaulu."

Namrudishia heshima kidogo. Kidogo tu, kijiko cha chai.

Mutasim alicheka kwa pua. Angeogopa nini sasa? Mfupa ameurudia, paa amelirudia. Aliinama mbele, akaushika mkono mzima wa mkewe, akaubusu.

"Kuna lingine, mpenzi?"

Rudayna aliutoa mkono wake. Hakumtazama. Alikuwa amegeuza shingo, anamtazama mtu mwingine kabisa.

"Lipo," alisema. "Mfupa ulipovunjika nilianguka sakafuni. Simu yangu ilikuwa karibu na kichwa. Nikampigia baba. Nilisikia amepokea, nikasikia akiniita, Rudayna, Rudayna. Nikataka kumjibu, maumivu yakanizidi, nikazirai. Nilipozinduka simu imeshakatwa. Na mpaka leo baba hajaniuliza, mwanangu, siku ile ulinipigia kwa nini?"

Abu Ghalib alikuwa ameshika magoti yake mawili kama mtu aliye kwenye gari linaloteremka mlima.

"Rudia," alisema Rudayna.

Oo, aliyarudia! Kwa furaha iliyoje! Alisimama kabisa ili wa nyuma wasikie. "Nimekusikia ukisema kwamba ulimpigia baba yako, akapokea simu, akakuita jina, akakata, na hakufanya kitu!"

Maneno matatu ya mwisho aliyaongeza mwenyewe. Haji Mifleh alifungua kinywa amsahihishe, akakifunga. Lipi la kusahihisha?

"Kuna lingine?" Mutasim aliuliza.

"Hakuna," Rudayna alijibu. "Hilo ndilo lilikuwa la mwisho."

"Mwalimu?"

Bibi Hanadi alikuwa amepiga magoti anaokota kalamu. Hakuinua uso. "Amefaulu," alisema.

Rudayna alisimama. Wanawake wa aina yake wana ugonjwa mmoja, wakiahidi wanatimiza. Aliwageukia wazee, akapitisha macho kochi hadi kochi, na hakuna mzee aliyemtazama usoni.

"Kunyweni," alisema.

Na Basha akanywa. Kahawa baridi, chungu, aliimeza kwa mkupuo mmoja, akakitikisa kikombe mara mbili kuonyesha ametosheka. Wengine wakanywa vyao harakaharaka. Haji Mifleh peke yake aliviringisha chake mkononi mpaka jirani yake alipompiga kiwiko. Ikawa imekwisha. Kwa mila zetu, kuanzia pale hata mfalme asingeweza kuirudisha kahawa ile kwenye birika.

"Mungu awape amani ya nyumba," Basha alisema akijipangusa masharubu. "Yaliyopita si ndwele. Haya, binti, vaa viatu. Mutasim, leta gari karibu."

"Nitakungoja garini, mpenzi," alisema Mutasim. "Chukua muda wako."

Umm Ghalib alitokeza mlangoni, mikono ina unga. Hakuwajali wanaume. Hakumtazama hata binti yake. Alimtazama mumewe aliyeishi naye maisha yote.

"Ulipokea?" aliuliza. "Mtoto alikupigia, ukapokea, ukaja kulala pembeni yangu?"

Abu Ghalib aliangalia zulia.

"Nakuuliza, baba Ghalib."

"Mambo ya nyumbani mtayamaliza nyumbani," Basha alisema, na tayari alikuwa amesimama, na alipokuwa amesimama yeye, wazee wote walisimama. "Twendeni. Magharibi hiyo."

"Kaeni," alisema Abu Ghalib.

Alisema kwa sauti ndogo hata wengi hawakusikia. Akarudia.

"Kaeni chini. Mmekunywa kahawa yangu, kunafa hamjala. Hatoki mgeni kwangu kabla ya kunafa."

Wazee walitazamana. Harufu ya samli na sukari ya kunafa, kitamu chetu cha jibini na shira, ilikuwa inatoka jikoni, sinia tayari, kila mtu anaijua. Kunywa kahawa ya jaha ukakataa kunafa yake ni kumtemea mwenye nyumba usoni, na Basha Fawwaz, aliyeijenga jaha nzima juu ya heshima za wazee, asingeweza kuivunja hiyo mbele yao. Alikaa. Wakakaa wote. Mutasim alirudi kutoka mlangoni, funguo za gari mkononi.

"Nilete?" Umm Ghalib aliuliza.

"Usilete bado, mama Ghalib. Nitakwambia."

Abu Ghalib alikwenda katikati ya zulia, akaketi kwenye kiti alichokuwa amekaa binti yake. Magoti yalikuwa yanamtetemeka.

"Mwalimu," alisema, "kwenye kiti hiki anaweza kukaa mtu mwingine?"

Bibi Hanadi aliinuka taratibu. "Anaweza, mzee wangu. Yeyote aliye na neno."

"Mutasim, njoo ukae. Mimi nitasema, wewe utarudia. Si unaliweza?"

"Ami," Mutasim alicheka kidogo, "kahawa imeshanywewa. Ya nini tena?"

"Ili tungoje kunafa. Kaa."

Mutasim alimwangalia mjomba wake. Basha aliinua mabega kana kwamba anasema, mwache mzee apumue. Akaketi.

"Nilipokea," Abu Ghalib alisema. "Nilimwita binti yangu mara mbili, hakujibu. Nikabaki na simu sikioni. Nilikuwa naweza kukimbia. Nina gari. Sikukimbia. Nilikata simu, nikaiweka kifudifudi mezani, nikawasha televisheni."

Rudayna aliufunika mdomo kwa mkono mzima.

"Sikukata kwa sababu sikusikia kitu. Nilikata kwa sababu nilisikia. Mle jikoni kwenu mlikuwa na mtu wa tatu. Binti yangu hakumwona, mtu huyo aliingia yeye ameshazirai. Mimi nilimjua kwa neno moja tu, sauti yake mji mzima unaijua. Mwanangu Ghalib yuko jeshini, na mtu huyo ndiye aliyemwingiza, na akitaka kesho atamtoa. Nikampima mtoto na mtoto, wazee. Nikachagua. Huo ndio uanaume wangu, mkiutaka uchukueni mwende nao."

Kwa miezi yote niliyomwandika mzee huyu sijapata kumpa sifa hata moja, na simpi leo. Nasema tu kwamba hakuwa anatetemeka tena.

"Sauti ile ilikuwa inamwambia mtu mwingine, kwa upole, kama anayefundisha. Ilisema hivi." Abu Ghalib alinyoosha kidole, akamgusa Mutasim gotini. "'Usoni usimguse, mwanangu. Usoni wataona. Mkono tutasema ameanguka ngazini.' Basi, mwanafunzi. Maneno yaleyale, usiongeze, usipunguze. Na ukimaliza, uwatajie wazee sauti hiyo ilikuwa ya nani."

Mutasim alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Yeye aliyerudia paa na ufunguo na mfupa bila kukwama, alimgeukia mjomba wake.

Basha Fawwaz alimtikisia kichwa. Kidogo sana, mara moja, usiseme. Na wazee wote waliokunywa kahawa pamoja naye walikuwa wanamtazama yeye alipofanya hivyo.